Mwalimu Aliomba Kula

Sijawahi kukiamini kiti kisichokaliwa. Nikiingia nyumba ya mtu nikakuta kiti kimefunikwa kitambaa na wenyeji wanakipitia mbali, machale yananicheza papo hapo, na chai yao nitakunywa huku jicho langu likiwa palepale. Tabia hii sikuzaliwa nayo. Niliipata Mwanza, Kirumba, katika nyumba ya Mama Minza, mwaka ule aliofariki Mwalimu. Nikisema Mwalimu, msomaji wa rika langu haulizi ni nani. Nchi ilijaa walimu kila kona, lakini neno hilo likisemwa peke yake, bila jina la kufuatia, lilikuwa la mtu mmoja tu, Baba wa Taifa, aliyetutoa kwa wakoloni. Sasa Mama Minza naye amefariki, na juzi, msibani kwake, niliulizwa swali nikiwa na sahani ya samaki mapajani. Ndiyo sababu naandika.

Simu ya Minza ilinikuta Bukoba, shuleni, nikisahihisha madaftari. "Dada Asteria, Mama ametutoka," akasema, na kabla sijamaliza kumpa pole akaongeza, "Njoo, kuna jambo." Mtu akikwambia msibani kuna jambo, usitegemee kulia kwa raha zako. Nilipanda basi la alfajiri, nikashuka stendi ya Nyegezi jua likiwa kali, na tukamzika Mama kwao Kisesa, karibu na wazazi wake, kama alivyoagiza. Tuliporudi Kirumba kumalizia msiba ndipo nilipoiona ile X nyekundu. Ilikuwa imechorwa kwenye ukuta wa kila nyumba ya safu ile, kubwa, ya haraka, rangi imechuruzika. Barabara ya kando ya ziwa inapanuliwa. Nyumba ya Mama Minza peke yake haikuwa na alama, kwa sababu mchoraji alipofika mlangoni aliambiwa kwamba hapo ndipo Mwalimu alipokaa enzi za kudai uhuru, akaogopa, akaenda kuuliza wakubwa. Wakubwa wakasema atakuja mtu wa mambo ya kale kuwasikiliza wazee. Wakiridhika, nyumba itabaki na barabara itajipinda kidogo. Wasiporidhika, Minza na watoto wake na mjukuu wake wahame. "Wewe uliishi na Mama," Minza akaniambia, amenishika mkono. "Halafu wewe ni mwalimu, neno lako wataliandika. Sema tu alivyokuwa anasema Mama." Nikamjibu kwamba nitasema alivyokuwa anasema Mama. Aliachia mkono wangu kwa furaha, na mimi nikajisikia vibaya.

Mwaka ule nilikuwa nimekuja Mwanza kusomea ualimu, na bweni la chuo lilikuwa limejaa. Mtu wa kanisani alinielekeza kwa mjane anayepangisha vyumba juu ya mwalo wa wavuvi, kwenye mawe. Nyumba ilikuwa ya matofali ya udongo, bati, sakafu ya saruji iliyopasuka, imejibanza kati ya mawe makubwa ambayo hakuna aliyewahi kujisumbua kuyaondoa, hivyo ukuta wa jikoni ulikuwa jiwe lenyewe. Haikuwa na dari. Kuta zilipanda zikaishia njiani, na juu yake palikuwa wazi mpaka kwenye bati, kwa hiyo ukikohoa chumbani kwako mtu wa chumba cha mwisho anakupa pole. Nilijua nani kakorofishana na nani, nani anasali kwa sauti na nani anajifanya anasali. Harufu ya dagaa wa kuanika ilipanda kutoka mwaloni tangu asubuhi na kuingia mpaka kwenye shuka. Mwanzoni nilitapika. Baadaye nilipokwenda likizo nyumbani nilishindwa kulala kwa kuikosa.

Kiti kilikuwa sebuleni, cha mninga, kina mikono, kimefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma ambacho Mama Minza alikifua mwenyewe, hakumruhusu hata Minza. Siku ya kwanza nilikuwa nimechoka, nikataka kukaa. Mama Minza hakunipigia kelele. Alisogeza stuli ya miguu mitatu kwa mguu wake, akasema, "Kaa hapa mwanangu. Kile kina mwenyewe." Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi, mwenye sauti ya kukwaruza, na alikuwa Msukuma hasa, wa kusema sukali na habali na balabala bila kuona haya. Nikamuuliza mwenyewe ni nani. Akanipakulia ugali wa muhogo, akanipa na kichwa cha sangara, maana kipindi kile minofu ilikwenda viwandani na sisi tulibaki na vichwa na mifupa, mapanki. Akasema, "Mwalimu. Alikuja hapa kwa miguu yake, akakaa pale, akaomba kula."

Hapo ndipo Mzee Projestus aliponiinamia. Alikuwa mpangaji wa siku nyingi, karani mstaafu wa meli, Mhaya mwenzangu, mtu wa shati lililopigwa pasi hata kama haendi popote. "Kura," akaninong'oneza, akisisitiza ile herufi mpaka ulimi ukatetemeka. "Anasema kura. Mama ni Msukuma, hiyo herufi hawana. Zama za kudai uhuru, waitu, alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba kuwaomba watu wamuunge mkono." Nikaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Nilikuwa nimefundishwa chuoni wiki hiyohiyo jinsi ya kumsahihisha mwanafunzi bila kumdhalilisha, yaani unamsikia alichotaka kusema, siyo alichosema. Nikafanya hivyohivyo. Kila mgeni aliyeingia nyumba ile mwaka ule nilimwona akipitia mlango huohuo. Mama Minza anasema kula, Mzee Projestus anasahihisha kura, mgeni anakitazama kiti na kuvua kofia.

Lakini mimi nilikula pale kila siku, na mtu anayesikia hadithi kila siku ana nafasi ya kuichunguza. Jambo la kwanza lililonikereketa ni Minza. Tulikuwa rika moja, tulilala chumba kimoja, tulivaliana magauni. Siku moja mama yake akiwasimulia wanawake wa mwaloni alisema, "Nilimpakulia huku nimembeba huyu mgongoni," akamnyooshea Minza mwiko. Wanawake wakacheka, Minza akaona haya. Mimi kijiko kilisimama mdomoni. Uhuru ulipatikana kabla mama yangu hajaolewa. Minza alikuwa mgongoni mwa nani enzi za kudai uhuru? Na kama ni baadaye, huyo aliyekwisha kuwa Rais angekuja Kirumba bila magari, bila ngoma, bila watoto wa shule kupangwa barabarani na vibendera? Tena alikuja peke yake, na Mama Minza alikuwa akisema viatu vyake vilikuwa vimejaa vumbi mpaka akamletea maji ya kuvifuta. Nilianza kumshuku mwenye nyumba wangu, na kushuku kunanoga ukianza. Nilimwangalia anavyokunja kitambaa. Nilisikiliza kama atasema Baba wa Taifa, au Rais, au jina lake. Hakusema hata mara moja. Alisema Mwalimu tu.

Nilimshuku na Mzee Projestus. Mtu huyu mezani alikuwa hampi Mwalimu nafuu. Kila sukari ikipanda bei alikumbusha foleni za zamani, jinsi alivyopanga foleni ya sabuni tangu alfajiri akapata kipande cha kukatwa kwa uzi, jinsi walivyohamishwa kijijini kwao migomba ikiwa na mikungu. "Mtu mwema," alisema. "Mwema sana. Lakini wema wake ulikuwa haunawi mikono kabla ya kuja mezani kwako." Mama Minza alimwacha amalize, kisha akamuuliza, "Baba, balua zako za kwa watoto unasomewa na nani?" "Najisomea." "Na mimi za kwangu najisomea. Basi kula, ugali unapoa." Mzee Projestus akamega ugali. Nilichojiuliza ni hiki, kwamba mtu mwenye kinyongo kiasi hicho anasimuliaje habari ya kiti kile kwa bidii kuliko mwenye kiti? Na kwa nini akiwa peke yake sebuleni, asijue namwona kupitia ufa wa mlango, alikuwa hakisogelei, naye pia akikaa kwenye stuli?

Katikati ya mwaka akaja Masanja, shemeji yake Mama Minza, mdogo wa marehemu mumewe, kutoka upande wa Magu. Alikuja na kuku wawili na maneno matamu, na sisi vyumbani tukatega masikio juu ya kuta. "Shemeji, nyumba hii ni jasho la kaka yangu. Wewe umezeeka, una binti mmoja, naye ataolewa. Tuiuze, urudi kijijini upumzike." Mama Minza akamuuliza kama amechoka na safari. "Sijachoka shemeji, nimesema tuiuze." "Nimesikia. Nilidhani umechoka." Masanja akacheka kicheko cha kinafiki, akasema amekwisha kupata mnunuzi, na kabla ya mvua atamleta aone. Aliondoka kuku wakiwa wamefungwa bado mlangoni. Minza alilia chumbani huku ameng'ata kanga ili sauti isiruke ukuta. Nilimkumbatia, nikamwambia mama yake ni mgumu, hataondoka, ingawa sikuamini. Mjane asiye na mtoto wa kiume, mbele ya wanaume wa ukoo wenye mnunuzi mkononi, jambo hilo nilikwisha kuliona kwetu na nilijua linavyoishia. Nilimchukia Masanja kwa moyo wote.

Kisha ikaja asubuhi ile redio ilipoacha muziki wake wa kawaida ikaanza kupiga nyimbo za maombolezo. Tulikuwa tunakunywa uji. Walipotangaza kwamba Mwalimu amefariki huko ng'ambo alikokuwa anatibiwa, Mzee Projestus, mzee wa foleni za sabuni, aliweka kikombe chini taratibu, akafunika uso kwa mikono yote miwili, akalia kwa sauti. Sijawahi kuona mtu mzima analia hivyo. Alikuwa akisema, "Atatutunza nani? Atatutunza nani sasa?" na mimi, niliyekuwa nimekaa mwaka mzima nikihesabu makosa ya kila mtu, nikajikuta nalia pamoja naye, wala sikujua namlilia nani. Mama Minza alisimama, akazima jiko, akaenda sebuleni, akakiondoa kitambaa kwenye kiti na kuweka kingine kilichofuliwa.

Sijui nani alianza. Nadhani ni jirani mmoja aliyekuja kulia, akapiga magoti mbele ya kiti. Baadaye wakaja wa mwaloni, wanawake wa dagaa na mikono yao ikiwa na magamba, wavuvi, mafundi baiskeli. Mwenyekiti wa mtaa akaja na kitambaa cheusi, akakifunga juu ya mlango, akasema nyumba hii ni ya wote kwa siku hizi. Watu walipanga mstari mpaka kwenye mawe, wakaingia, wakakitazama kiti, wakatoka. Mzee Projestus alisimama pembeni yake kama mlinzi, macho yamevimba, akisimulia: aliingia mlango huu, alikaa hapa, aliomba kura. Mama Minza hakusimulia hata neno. Alikuwa jikoni, kwenye ukuta wa jiwe, anawapikia watu. Na mimi nilikuwa nachota maji na hasira zinanichemka. Niliona ni aibu. Nchi inazika mtu mkubwa, na sisi huku tunawaliza watu mbele ya kiti ambacho mimi, kwa akili zangu zote, niliamini hakukikalia.

Masanja naye alikuja siku zilezile, na mnunuzi wake. Niliwaona wakipanda mawe. Masanja mbele akionyesha kwa fimbo mpaka wa kiwanja, mnunuzi nyuma amebana mkoba kwapani. Wakakuta kitambaa cheusi mlangoni na mstari wa watu. Mnunuzi akauliza kuna msiba wa nani, na mwanamke mmoja akamjibu kwa ukali, "Unatoka wapi wewe? Hapa ndipo Mwalimu alipokaa." Yule mtu akavua kofia. Akamtazama Masanja kwa jicho ambalo sijalisahau, akasema, "Ulitaka kuniuzia hii?" Akaingia kwenye mstari kama wengine, akakiona kiti, akatoa mkono wa rambirambi kwa Mama Minza, akashuka zake. Masanja akabaki ameshika fimbo. Mwenyekiti akampa kazi ya kupasua kuni, akapasua. Habari ya kuuza nyumba haikusikika tena.

Nilivumilia mpaka karibu na Krismasi. Mchana mmoja tulikuwa nyuma ya nyumba, Mama Minza na mimi, tunapara sato juu ya jiwe. Siku hizo tulipata sato mzima, zawadi ya mvuvi mmoja. Ziwa lilikuwa limetulia chini yetu, na meli ya Nansio ilikuwa inatoka. Aliitazama mpaka ikapita jiwe la mwisho, na mimi nikaona hapo ndipo pa kuingilia.

"Mama, nikuulize? Yule Mwalimu aliomba kura ya nini?"

"Kula."

"Ndiyo, kura. Ya nini?"

Akaacha kupara. "Unaniuliza kula au kula?"

Nikacheka, kwa sababu kwa ulimi wake maneno yale mawili yalikuwa kitu kimoja. Yeye hakucheka. Aliinua mkono uliojaa magamba, akakusanya vidole, akavipeleka mdomoni, kama anavyofanya mtu anayezungumza na bubu. "Kula, Astelia. Alikuwa na njaa."

Mwaka mzima tulikuwa tumemsahihisha mwanamke huyu, mimi mwanachuo na kila mgeni, kwa huruma zetu, kumbe neno alilolisema ndilo alilokusudia. Nikauliza lile nililotakiwa kuliuliza siku ya kwanza nikiwa na kichwa cha sangara mbele yangu.

"Mama, Mwalimu yupi?"

Akatabasamu upande mmoja. "Watu wote wameingia humu ndani," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza kuuliza."

Akaniambia. Alikuwa mwalimu wa ngumbaru, wa kuwafundisha watu wazima kusoma, kijana wa Nansio jina lake Ezekia. Alitumwa Kirumba wakati dukani hakuna kitu, na posho yake haikufika. Alipita nyumba kwa nyumba akiandikisha wanafunzi, akafika pale viatu vimejaa vumbi, akakaa kwenye kiti cha mume wake, na badala ya kuuliza nani anataka kusoma akauliza kama kuna chakula. "Aliona haya sana. Nikampa samaki. Alikula mpaka mifupa. Alipomaliza akasema hana cha kunilipa, akaniomba mkono, akaniandikia jina langu kwenye kiganja kwa mkaa. Kwandu. Sikuwa nimewahi kuliona." Baada ya hapo darasa likawa sebuleni kwake, wanawake wa mwaloni wamekaa sakafuni na yeye kwenye kile kiti, mpaka wote wakasoma. Kisha siku moja akavuka kwenda kwao Nansio kusalimia, asirudi. Wapo waliosema aliugua, wapo waliosema alihamishwa. Mama Minza hakupata kujua. Wanawake wakaendelea kusema kiti cha Mwalimu, na wapangaji waliokuja baadaye wakasikia walivyosikia.

"Na wewe ukawaacha," nikasema, bado nina hasira.

"Niliwaambia kula. Wakasikia wanayoyataka." Akachukua samaki mwingine. "Halafu huyu alitumwa na yule. Mtu akija kwako ametumwa, amekuja nani?"

Nilimuuliza kama alimpenda yule kijana. Akaniambia nipare samaki. Nikamuuliza nifanye nini na habari hii, maana watu wamepiga magoti mle ndani, na chuoni tunafundishwa kusema kweli. Akafikiri, akasema, "Mimi sikuapishi. Ukiulizwa, sema. Usipoulizwa, kula samaki."

Jioni yake nilimvaa Mzee Projestus. Nilimkuta mlangoni anapiga pasi ya mkaa, nikamweleza taratibu, kwa kiburi kidogo, kwamba Mama huwa anasema kula, siyo kura. Hakuinua uso. Alimalizia kola, akageuza shati, akasema kwa Kihaya ili Minza asisikie, kwamba yeye amefanya kazi melini na Wasukuma maisha yake yote na masikio yake ni mazima. "Unadhani Masanja alianza kuja mwaka huu?" akaniuliza. "Mjane anahitaji mwanaume wa kumsimamia, na mimi ni mpangaji tu. Nikamtafutia mkubwa kuliko wote." Aliyemtunga Mwalimu wa kiti kile ni mtu aliyemsema Mwalimu kila siku mezani. Tangu siku ile sijamsikia mtu akimsahihisha mwenzake bila kujiuliza anataka nini.

Wote sasa wamekufa, Mzee Projestus zamani, Mama Minza majuzi, na mimi ndiye niliyebaki na habari hii kinywani. Miaka yote hii sikuulizwa. Nilikuja Kirumba mara nyingi, nikasikia kiti kikikua. Alikuja peke yake, baadaye alikuja na wenzake, baadaye alilala hapo, baadaye akahutubia juu ya jiwe la jikoni. Nilikula samaki.

Mtu wa mambo ya kale alikuja juzi tukiwa chini ya turubai, tunakula. Nilimtegemea mzee wa suti. Alikuja binti mwembamba mwenye mkoba mgongoni, amesuka nywele vizuri, akatusalimia shikamoo mmojammoja mpaka akatumaliza, akaweka simu yake mezani inase sauti. Majirani walianza. Wote walisema aliomba kura, kwa herufi safi kabisa, hata vijana wa Kisukuma, maana siku hizi shule imenyoosha ndimi. Minza naye alisema kura. Nilimtazama usoni nione kama anajua. Sikuona kitu. Mwenyekiti wa mtaa, wa sasa, alipandisha sauti akasema nyumba hii ikivunjwa ni kumvunja Baba wa Taifa mwenyewe, watu wakapiga makofi. Binti alisikiliza, hakupiga makofi. Nilimshuku mara moja. Ana utulivu wa mtu aliyekwisha kuambiwa na wakubwa wake anachotakiwa kukipata. Minza akamwambia, "Huyu aliishi na Mama. Ni mwalimu."

Akanigeukia. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima ndani ya basi, na nilichojiandalia kilikuwa kweli tupu. Nikasema, "Mwalimu alikaa kwenye kile kiti. Mama aliniambia kwa kinywa chake, humu ndani, zaidi ya mara moja." Watu wakashusha pumzi. Minza akanyanyua upawa kuniongezea mchuzi, macho yamejaa machozi ya shukrani. Nikashika samaki wangu. Sato, na kichwa chake.

Binti alikuwa bado ananiangalia. Hakuna ubaya wowote usoni mwake, nilitafuta nikaukosa. Alikuwa amezaliwa baada ya kile kitambaa cheusi kufungwa na kufunguliwa. Kwake yeye mwalimu ni mwalimu, kama mimi nilivyo mwalimu, kama aliyemfundisha yeye kuhesabu alivyo mwalimu.

"Samahani, mama," akasema. "Mwalimu yupi?"

Upawa wa Minza ukasimama hewani. Chini ya turubai watu walicheka, wakidhani mtoto wa mjini anatania, mwenyekiti akaanza kumjibu kwa niaba yangu, na binti akainua mkono kidogo kumsihi anyamaze, kwa heshima, bila kuniondolea macho. Nyuma yake niliiona nyumba, ukuta wake ukiwa mtupu kati ya kuta zenye X. Nilimtazama Minza. Niliomba anikataze, au aniambie kwa macho kwamba alikuwa anajua siku zote. Alinitazama tu, kama mtu anayesubiri kusikia habari za mama yake.

Nikaiweka sahani pembeni, nikafuta mikono.

"Ezekia," nikasema. "Wa Nansio. Na hakuomba kura, mwanangu. Alikuwa na njaa."